Mpango wa usalama kwa mtu mwenye mawazo ya kujiua: mwongozo kamili kwa wanasihi na wahudumu wa afya

Mipango ya usalama inayoletwa kwenye vikao vya usimamizi mara nyingi hufanana kiasi kwamba ukilifunika jina la mteja huwezi kujua ni ya nani: “nitasali, nitasikiliza muziki, nitampigia rafiki, nitakwenda hospitali.” Mteja ameweka sahihi, mnasihi ameifungia kwenye faili, na huko nyumbani chupa ya dawa ya magugu bado iko chini ya kitanda. Karatasi ya namna hiyo haimlindi mtu yeyote.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya wanasihi, wauguzi, matabibu, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, walimu wa malezi na viongozi wa dini ambao hujikuta wamekaa na mtu aliyechoka na maisha. Unaeleza namna ya kutengeneza mpango wa usalama, yaani karatasi yenye hatua ambazo mteja atazifuata mawazo ya kujiua yakimjia, na ambao ataweza kuutumia usiku akiwa peke yake, na namna ya kuendelea naye katika wiki zinazofuata.

Njia yenyewe iliandaliwa na wanasaikolojia wa Marekani, Barbara Stanley na Gregory Brown. Utafiti wao uliochapishwa mwaka 2018, uliohusisha wagonjwa 1,640 waliofika katika idara za dharura za hospitali za maveterani nchini humo, ulionyesha kwamba waliotengenezewa mpango na kisha kupigiwa simu walikuwa na matukio ya kujaribu kujiua na mengine ya aina hiyo pungufu kwa takriban asilimia 45 katika miezi 6 iliyofuata, wakilinganishwa na waliopewa huduma ya kawaida. Kilichopimwa pale ni mpango pamoja na simu za ufuatiliaji. Anayefanya cha kwanza akaacha cha pili hafanyi kile kilichothibitishwa.

Ikiwa unasoma haya kwa sababu wewe mwenyewe unawaza kujiua, usiyafanyie kazi peke yako. Mwambie mtu mmoja leo, au nenda kituo cha afya kilicho karibu. Kenya, simu 1199 ya Msalaba Mwekundu hupigwa bure. Kwa watoto, Tanzania na Kenya, namba ni 116.

## Vitu vya kuandaa

- Mahali pa faragha ambapo sauti haisikiki nje. Kama kituo hakina chumba, kivuli cha mti mbali na foleni kinafaa kuliko chumba chenye pazia tu.
- Muda wa dakika 45 hadi saa 1 usiokatizwa. Zima simu yako mpaka utakapoihitaji.
- Karatasi na kalamu mbili, yako na ya mteja.
- Simu yenye salio na chaji.
- Orodha ya namba za rufaa ulizozijaribu mwenyewe wiki hii. Namba iliyobandikwa ukutani tangu mwaka juzi usiiamini.
- Jina la msimamizi au mwenzako wa kazi unayeweza kumpigia wakati kikao kikiendelea.
- Kufuli, ikiwa unamtembelea mteja nyumbani.

## Hatua ya 1: Hakikisha usalama wa saa hii

Kabla ya kuandika chochote, jiridhishe na mambo matatu: je, mteja amekwisha kumeza au kujifanyia kitu chochote leo, je, amebeba kitu cha kujidhuru, na je, akili yake imetulia kiasi cha kuweza kufanya kazi na wewe.

Kama amemeza kitu, mpango unasubiri. Mpeleke hospitali mara moja hata kama anaonekana mzima na anasema amejisikia vizuri, kwa kuwa sumu nyingine huchelewa kuonyesha madhara yake kwa saa nyingi au hata siku. Usimtapishe, usimpe maziwa wala mafuta, na chupa au pakiti iende naye ili daktari ajue anapambana na nini.

Mtu aliyelewa, anayesikia sauti zinazomwamuru, au aliyechanganyikiwa hawezi kutengeneza mpango. Huyo anahitaji uangalizi wa karibu na daktari. Mpango utafuata akishatulia.

Utajua hatua hii imekamilika pale unapoweza kusema kwa uhakika kwamba katika saa moja ijayo hakuna kitakachotokea mkiwa mmekaa pamoja.

## Hatua ya 2: Uliza waziwazi

Hapa ndipo wengi huteleza, na sababu yake naielewa: wanaogopa kwamba wakilitaja neno “kujiua” watampandikizia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) kwa wahudumu wasio wataalamu wa afya ya akili uko wazi kwamba kuuliza hakuchochei kujiua. Mara nyingi humpunguzia mtu wasiwasi kwa kuwa hatimaye kuna mtu aliyeona.

Uliza hivi: “Watu wengine wakipitia mambo kama haya huanza kufikiria kujiua. Je, wewe umekuwa ukifikiria kujiua?” Usiulize, “Hufikirii kujidhuru, sivyo?” Swali la namna hiyo limeshabeba jibu lake, na mteja mwenye adabu atakupa jibu unalolitaka.

Mbele ya mtu mzima kuliko wewe, tangulia na heshima bila kulainisha swali lenyewe: “Shikamoo baba. Naomba ruhusa nikuulize jambo zito, na naliuliza kwa sababu maisha yako ni muhimu kwetu. Je, umefikia kuwaza kujiua?” Wazee wengi watajibu kwa mzunguko: “Nimechoka mwanangu,” “nikiondoka mtapumua,” “Mungu anichukue tu.” Yapokee maneno hayo kisha urudi palepale kwa upole: “Baba, unaposema Mungu akuchukue, umewahi pia kufikiria kuyaondoa maisha yako mwenyewe?”

Akikubali, endelea: mawazo huja mara ngapi, amefikiria njia gani, ameandaa chochote, ameweka siku, amewahi kujaribu zamani, na nini kilimzuia asifanye mpaka leo. Swali hili la mwisho usiliache kamwe, kwa sababu jibu lake ndilo la kwanza kuonyesha kwamba ndani yake kuna sehemu inayotaka kuishi.

Onyo. Epuka kauli kama “usiseme hivyo,” “hayo ni kukufuru,” au “wapo wenye shida kuliko wewe.” Mteja Mwislamu au Mkristo anajua dini yake inasema nini, na huenda aibu hiyo ndiyo iliyomfanya anyamaze kwa miezi. Wengine huogopa polisi. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, katika kifungu cha 217, inataja kujaribu kujiua kuwa kosa. Kenya ilikuwa na kifungu cha 226, ambacho Mahakama Kuu ilikitamka kuwa kinyume cha katiba mnamo Januari 2025. Mweleze mteja kwamba yeye yuko hapa kwa ajili ya matibabu, na mweleze pia mapema kwamba siri yake utaitunza isipokuwa maisha yake yakiwa hatarini, ambapo utamshirikisha mtu mmoja au wawili, naye akijua ni nani.

Mwenye nia, njia na maandalizi aende hospitali siku hiyohiyo akisindikizwa. Aliyewahi kujaribu zamani mchukulie kwa uzito hata kama leo anatabasamu. Hata hivyo, mpango wa usalama ni wa wote wenye mawazo haya, pamoja na anayelazwa, kwa kuwa siku za kwanza baada ya kuruhusiwa kurudi nyumbani ni za hatari kubwa.

## Hatua ya 3: Mwache asimulie lilivyoanza na lilivyoisha

Usikimbilie karatasi. Mwambie: “Nisimulie mara ya mwisho mawazo yalipokuzidia, tangu asubuhi ya siku ile mpaka yalipotulia.” Kisha sikiliza, ukiuliza tu, “Halafu?”

Sababu ya kufanya hivi ni kwamba hali ya hatari hujaa na kupwa kama maji ya bahari, na mtu aliye ndani yake haoni kwamba kuna kupwa. Anaposimulia kwa mpangilio, anasikia kwa masikio yake mwenyewe kwamba yalipanda, yakafika kileleni, yakashuka, na yeye yupo bado. Mpango wote umejengwa juu ya ukweli huo: tunatafuta namna ya kumvusha mtu katika saa za kilele.

Nitatumia mfano mmoja niliouunda kutokana na mambo yanayojirudia kwa wateja wengi. Kijana wa bodaboda, miaka 26, anaishi kijijini na familia inayolima mahindi. Alichukua pikipiki ya mkataba, akashindwa kupeleka hesabu kwa majuma kadhaa, mwenye chombo akaichukua. Mawazo yalimzidia siku alipokutana na wadai wawili asubuhi moja. Alizima simu, akarudi nyumbani kwa njia ya nyuma ili asipite kijiweni, akanywa pombe mchana, akakaa chumbani na mlango umefungwa. Yalitulia jioni, mkewe alipomgongea amsaidie kuingiza kuni kabla ya mvua.

Katika masimulizi hayo mafupi karibu mpango wote upo tayari. Kazi yako ni kuuchambua pamoja naye.

## Hatua ya 4: Andikeni dalili za onyo

Swali: “Utajuaje kwamba inaanza tena?” Andikeni dalili 3 au 4 kwa maneno yake, katika nafsi ya kwanza. Kalamu ashike yeye kama anaweza.

“Msongo wa mawazo” haitoshi, kwa sababu mtu hawezi kuiona hali hiyo ikiingia mlangoni. Kijana wetu aliandika: “Nazima simu. Napita njia ya nyuma nisionekane kijiweni. Najiambia mke wangu atapumua nikiondoka.” Moja ni tendo, moja ni njia anayopita, moja ni sauti ya ndani; zote anaweza kuzitambua kabla hajafika chumbani.

Utajua imekamilika pale mtu mwingine wa nyumbani akisoma orodha ile anaweza kusema, “Kweli, huyu ndiye akiwa vibaya.”

## Hatua ya 5: Mambo anayoweza kufanya peke yake

Haya ni ya kupitisha dakika za mwanzo bila kumtegemea mtu, kwa sababu saa nane usiku huenda hakuna atakayepokea simu. Msiandike zaidi ya matatu.

Kila jambo lipitie maswali mawili: “Ni nini kinaweza kukuzuia kulifanya?” na “Utalifanyia wapi?” Kusali ni nguzo kubwa kwa watu wetu na iandikwe ikiwa mteja ameitaja mwenyewe, lakini iandikwe kwa namna inayotendeka. “Kusoma Yasini kwa sauti nikiwa nimekaa barazani, si chumbani” ni mpango. “Nitasali” bado ni nia tu. Kijana aliongeza kumwagilia mchicha nyuma ya nyumba, kazi inayoshughulisha mikono yote miwili na kumtoa chumbani.

Onyo. Pombe isiingie hapa hata mteja akisema humtuliza. Hupunguza breki za akili wakati zinapohitajika zaidi. Muziki nao uulizwe: ni nyimbo zipi? Zipo zinazomzamisha mtu.

## Hatua ya 6: Watu na mahali pa kumtoa katika mawazo

Katika hatua hii mteja hahitaji kumweleza mtu siri yake. Anatafuta tu mahali penye watu na mtu wa kuzungumza naye mambo ya kawaida mpaka maji yapwe. Kwa kijana wetu palikuwa kibanda cha kahawa karibu na msikiti, ambako wazee hucheza bao hadi usiku. Kijiwe cha bodaboda hakikufaa, kwa kuwa wadai hupita pale.

Andikeni mahali 2 na watu 2, pamoja na saa ambazo mahali hapo huwa wazi. Jambo hilo la saa husahaulika sana.

## Hatua ya 7: Watu wa kuomba msaada, kisha wataalamu

Sasa ni watu wanaoambiwa ukweli. Tofauti na waliotangulia ni kwamba hawa watajua kinachoendelea na watakuja. Chagueni kwa vigezo viwili: anaweza kutunza siri, na anaweza kufika au kupokea simu usiku. Mara nyingi si mtu mwenye cheo kikubwa katika ukoo. Dada wa kambo anayeishi nyumba ya tatu anaweza kufaa kuliko baba mkubwa aliye mjini.

Andikeni na sentensi atakayoisema, kwa sababu wakati wa kilele maneno hukimbia: “Kaka, yale mawazo yamenirudia. Naomba uje ukae na mimi.” Kisha, mteja akiridhia, mpigieni mtu huyo papohapo mkiwa bado mmekaa. Hapa ndipo utakapogundua kwamba namba imebadilika, au kaka yuko machimboni hadi mwisho wa mwezi. Ni bora kugundua sasa.

Wataalamu wafuate: jina la kituo cha afya cha karibu, saa zake, nani wa kuulizia, na hospitali yenye huduma ya dharura usiku. Hospitali za magonjwa ya akili za Mirembe, Dodoma, na Mathari, Nairobi, zinajulikana na wengi, lakini mteja aliye mbali nazo anahitaji kwanza hospitali ya wilaya anayoweza kuifikia kwa nauli aliyonayo. Andikeni na usafiri: nani ana pikipiki au gari, na namba yake.

## Hatua ya 8: Ondoeni njia ya kujidhuru karibu naye

Kama una nguvu ya kufanya hatua moja tu vizuri, ifanye hii. Naona ndiyo inayorukwa zaidi, kwa sababu inamlazimu mnasihi kuingilia mambo ya nyumbani kwa watu, na huko hakuna anayependa kuonekana mpekuzi.

Sababu zake zina uzito. Katika utafiti mmoja uliofanyika Innsbruck, Austria, kwa wagonjwa 82 waliokuwa wamejaribu kujiua, karibu nusu walisema muda kati ya wazo na kitendo ulikuwa dakika 10 au chini ya hapo. Kitu kilichoko mbali kwa mwendo wa nusu saa kinakuwa kimempa mtu huyo muda wa mawazo yake kupwa. Wapo wanaosema, “Akitaka kujiua atapata njia nyingine tu.” Sri Lanka inajibu hoja hiyo: baada ya serikali kupiga marufuku viuatilifu vyenye sumu kali zaidi kuanzia miaka ya 1990, kiwango cha kujiua nchini humo kilishuka kwa takriban asilimia 70 katika miongo miwili. Watu wengi hawakuhamia njia nyingine. Na zaidi ya 9 kati ya 10 ya wanaookolewa baada ya kujaribu hawafi kwa kujiua baadaye.

Fanya hivi:

Kwanza, uliza njia aliyoitaja iko wapi hasa: chumba gani, ndani ya nini, nani mwingine anajua. Kisha uliza kuhusu viuatilifu, dawa za mifugo, sumu ya panya, dawa za hospitali zilizobaki na silaha, hata kama hakuvitaja. Omba ruhusa kabla: “Kila ninayeongea naye huwa namuuliza haya, si kwamba nakutilia shaka.”

Pili, amueni kila kitu kinakwenda wapi, na nani anakipeleka. Kuhamishia nje ya nyumba ndiyo njia iliyo bora: kwa jirani anayeaminika, kwenye stoo ya duka la pembejeo, au kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika kama kinakubali. Familia inayolima haiwezi kuacha dawa zote, hivyo kubalianeni wanunue kiasi cha kazi ya siku moja na kisibaki. Kwa dawa za hospitali, mwombe mfamasia au muuguzi atoe za wiki moja kwa wakati.

Tatu, kama kitu lazima kibaki nyumbani, kiwe ndani ya sanduku lenye kufuli, na ufunguo ukae kwa mtu mwingine. Mteja asiwe mtunza ufunguo, na asiwe yeye anayetumwa kwenda kukitoa. Nimesoma mipango iliyosema “mteja ataitupa mwenyewe akifika nyumbani,” yaani mtu aliye hatarini anaambiwa akakae na chupa mkononi, peke yake. Wala kisimwagwe mtoni au karibu na kisima.

Nne, wekeni saa na namna ya kuthibitisha: “Leo kabla ya magharibi kaka ataichukua chupa, na atanipigia akishaifikisha.”

Onyo. Mchague mtunza ufunguo kwa makini. Mwanamke anayepigwa na mumewe hawezi kukabidhiwa kwa mume huyohuyo, wala habari zake zisipelekwe kwake. Huyo mtafutie ndugu wa upande wake au mwanamke jirani, na mweleze kuhusu dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi, bila kumlazimisha kwenda.

Utajua imekamilika pale simu ya kaka itakapoingia. Kabla ya hapo hatua hii iko wazi, hata kama karatasi imejaa.

## Hatua ya 9: Ujaribuni mpango kabla hajaondoka

Soma mpango wote kwa sauti, kisha mwambie: “Fikiria ni saa nane usiku na mawazo yameanza. Nionyeshe utafanya nini kwanza.” Aeleze hatua kwa hatua. Muulize pia, kwa kipimo cha 0 hadi 10, ana uhakika gani kwamba atautumia. Chini ya 7, tafuteni kinachokwamisha na kibadilisheni. Mara nyingi ni aibu kuhusu mtu fulani kwenye orodha.

Karatasi ikae mahali anapoweza kuifikia gizani, ndani ya pochi kwa mfano, na picha yake kwenye simu ikiwa simu ni yake peke yake. Kwa asiyesoma, rekodini kwa sauti yake mwenyewe au mchore.

Na tafadhali, usimtake aape au atie sahihi ahadi ya kutojiua. Hakuna ushahidi kwamba ahadi hiyo huzuia kujiua, na madhara yake yanaonekana kwenye kikao kinachofuata: mteja aliyeahidi huona haya kukuambia kwamba mawazo yamerudi.

## Hatua ya 10: Fuatilia kwa ratiba

Simu ya kwanza ipigwe ndani ya saa 72, na mimi ningependa iwe kesho yake. Usiulize tu “unaendeleaje,” kwa kuwa jibu ni “salama.” Uliza kama mawazo yamekuja, ni sehemu gani ya mpango ameitumia, ipi imekwama, na chupa iko wapi sasa.

Kwa ratiba ya muda mrefu, iko iliyojaribiwa na WHO katika nchi tano, Brazil, India, Sri Lanka, Iran na China, kwa watu 1,867 waliokuwa wamejaribu kujiua. Kundi moja lilipewa mazungumzo ya saa moja na mawasiliano 9: katika wiki ya 1, 2, 4, 7 na 11, kisha mwezi wa 4, 6, 12 na 18. Katika kundi hilo waliokufa kwa kujiua walikuwa asilimia 0.2, dhidi ya asilimia 2.2 katika kundi la huduma ya kawaida. Mawasiliano hayo yalikuwa simu au ziara tu, kitu ambacho zahanati yenye daftari na muhudumu mmoja wa jamii inaweza kukifanya.

## Hatua ya 11: Shughulikieni tatizo lenyewe kwa vikao vichache

Hatari ikishashuka, deni bado lipo. Hapa ndipo tiba fupi ya utatuzi wa matatizo inapoingia. Benchi la Urafiki lililoanzishwa Zimbabwe na daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda hutumia hadi vikao 6 vinavyoendeshwa na wahudumu wa jamii, wengi wao bibi. Jaribio lake mjini Harare kwa watu 573, lililochapishwa mwaka 2016, lilionyesha nafuu kubwa baada ya miezi 6. WHO nayo ina mpango wa vikao 5, kila kimoja cha dakika 90, uliojaribiwa Nairobi kwa wanawake 421 ukaleta matokeo mazuri. Zingatia kwamba mpango huo haukuandaliwa kwa ajili ya mtu aliye katika hatari ya karibu ya kujiua. Ndiyo maana usalama unatangulia.

Kiini chake ni hiki. Orodhesheni matatizo yote, tenganisheni yanayoweza kubadilika na yasiyoweza, mteja achague moja, mtaje njia zote zinazowezekana bila kuzihukumu, achague moja, kisha muikate hadi ibaki kazi ndogo yenye siku. Kijana wetu alitaka kuanza na “madeni,” ambayo ni mzigo usiokamatika. Baada ya kuuchambua, kazi ya wiki ikawa: “Jumamosi asubuhi kaka yangu anakwenda na mimi kwa mwenye pikipiki, tuombe hesabu ishuke kutoka shilingi 10,000 hadi 7,000 kwa siku kwa miezi miwili.” Mwenye chombo akikataa, kikao kijacho kinaanzia pale, bila lawama, kwa kuchagua njia ya pili kwenye orodha.

Usimchagulie. Ushauri wako unaweza kuwa sahihi kabisa, lakini tiba hii hufanya kazi kwa sababu mtu aliyeamini hana uwezo wa lolote anajiona akiamua na kutenda.

## Asipopokea simu

Kabla mteja hajaondoka siku ya kwanza, kubalianeni kitakachofanyika akikosekana, na kiandikeni chini kabisa ya mpango. Utaratibu unaofaa ni huu: piga mara ya pili baada ya saa moja, ukikosa, mpigie mtu wa kwanza kwenye orodha ya hatua ya 7 siku hiyohiyo, ukimwambia tu yale mteja aliyoridhia, naye asipompata kabla ya giza, mhudumu wa jamii au mtu huyo afike nyumbani. Akikutwa amezidiwa, asiachwe peke yake hata kwa dakika chache za kwenda kutafuta usafiri: mmoja anabaki naye, mwingine anaita pikipiki, na karatasi ya mpango inakwenda nao hospitali ili daktari wa zamu aanzie pale mlipofikia.